Mimi, Katili wa Mama

Malinya,
S.L.P. 214,
Kakamega.
17 Agosti 1994.

Mpendwa ndugu yangu Phineas,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Mombasa, na joto lenu mnalivumiliaje? Lile jino limepona, au bado unamkimbia daktari? Sisi tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, na mahindi tumeanza kuvuna.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikaisoma mara tatu. Uliniuliza kama ninajua maana ya neno katili, kwa kuwa Mama alimwandikisha binti yangu Rachael barua kwako kwamba katili ndiye mimi. Ukasema utakuja Desemba umchukue Mama.

Ninajua maana yake. Baba alimwita hivyo mtu anayemchapa ng'ombe aliyelala chini kwa uchovu, nira ingali shingoni. Mimi na wewe tulimwita hivyo mwalimu wa hesabu, akishaenda zake. Katili ni yule anayeona mwenzake akiumia na moyo wake usiseme kitu. Wangu haunyamazi, Phineas.

Mama alipopooza upande wa kulia, muuguzi wa hospitali ya Mukumu alituonya tusimfanyie lolote analoweza kujifanyia. Basi chai yake naiweka jikoni, simpelekei kitandani. Mahindi anayapukusa kwa mkono ule ule mgonjwa. Ananiita katili asubuhi, mchana, hata mbele ya wageni wa kanisa. Siku hizi Rachael naye akinyimwa sukari ananiita hivyo, nami naitika.

Kwa Mama neno hilo haliniumi. Kutoka kwako liliniuma sana, nisikufiche.

Sasa nikwambie ya Jumapili, siku mbili baada ya barua yako. Mama alikuwa akienda jikoni na fimbo yake, akaanguka mlangoni. Hakuumia, lakini alininyooshea mkono nimwinue. Nilisimama pale nimefumbata mikono, machozi yananitoka, nisimguse. Rachael alinivuta gauni akilia. Mama akashika mlango, akapiga goti, akakaa tena chini, akajaribu upya. Chai ilipoa kabisa. Mwishowe akasimama.

Alipokwisha kunywa akaniuliza, "Jescah, ulikuwa unaniangalia tu?"

Nikamjibu ndiyo.

"Ungeniinua," akasema, "ningejua nimekwisha."

Kisha akaniita katili na kuniagiza nimpashie chai nyingine, nami hiyo nilimpashia.

Nisalimie wifi yangu Dorothy, na umbusu mwanenu Willis mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, na jirani yetu Milcah pia. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Desemba njoo, ndugu yangu, tunakungoja kwa hamu. Ila Mama akianguka mbele yako, nakuomba unishike mkono, tusimame wote wawili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Jescah