Farasi wa Hassan si Jini

Dada Akinyi,

Samaki wa Kisumu ni mtamu, lakini leo hata sikumaliza wangu. Hapa ufuoni kuna Mzee Hassan, huwapandisha watoto farasi wake. Mtoto mmoja aliyempanda akapata homa, basi watu wakaja na mawe. "Waislamu hufuga majini. Huyo farasi ni jini!"

Mimi niliyezoea punda wa Baba nikawadanganya kwamba kupanda farasi ndiyo kazi yangu, nitawaonyesha si jini. Nikapanda. Farasi akatembea kidogo, akanya.

Mama mmoja akauliza, "Jini gani linakunya hivi?"

Wakacheka, mawe wakayaangusha. Hassan hakucheka. Aliniuliza, "Kesho wakirudi, utakuja?"

Nitaenda, hata makalio yakichubuka. Jumapili kanisani mwombeeni Hassan, na mmtaje kwa jina.

Kaka yako bingwa,
Ouma