Bupe na King'ora cha Saa Sita

Papa wangu,

Leo nimemkumbuka Bupe, nikacheka peke yangu zizini, nikalia kidogo pia. Yule farasi jike mwembamba, magoti kama ya mbuzi, ambaye klabu ya farasi ya kampani hapa Likasi ilitaka kumtuma Kakanda akavute mkokoteni.

Wengine walitazama manyoya, wewe mfunza farasi wao ulitazama miguu. Ulimwachia huru, ukalaza gogo la mkaratusi njiani, ukafumba macho usikilize kwato zake. "Mama, sikia," ukaniambia mimi bintiyo. "Uyu haruki na woga. Anapenda." Nami mbishi wako nikasema sisikii kitu!

Ikaja siku ya kumpima mbele ya chef, mkubwa wa klabu. Aliruka viunzi vitatu vizuri ajabu. King'ora cha kiwanda kikalia saa sita, naye akasimama tuli mbele ya cha nne, akageuka kuelekea zizini. Ilikuwa mara ya tatu kufanya hivyo.

"Haina roho," chef akasema. "Kesho inaenda Kakanda."

Miaka ile nani alimjibu chef? Wewe ukavua kofia. "Citoyen chef, kosa ni ya minye, si ya farasi. Kila siku king'ora ikilia, ninamupa chakula. Anajua kazi imeisha."

Loo, niliona kazi imekwenda, na nyumba ya kampani nayo. Chef akakupa mwezi mmoja. Ukabadilisha saa za chakula, na kila king'ora kilipolia ukamrusha kiunzi. Mwisho wa mwezi kilimkuta hewani, hata sikio hakugeuza. Wakampeleka Lubumbashi kushindana, nawe ukamsindikiza umevaa suti yako ya abakosti ya Jumapili.

Tangu ututoke, mimi ndiye ninayefunza farasi wachanga. Juzi binti wa Bupe aligoma mbele ya ukuta wa kuruka, siku ya tatu mfululizo. Wakubwa wa klabu wakasema auzwe. Kusema kweli, nilitaka kukubali, nimechoka. Nikakuona na kofia yako mkononi.

"Ngojeni," nikasema. "Kwanza nijitazame minye."

Nikakuta kosa ni langu. Kila akikaribia ukuta, mimi mwoga nilivuta hatamu, nikamwumiza mdomo. Jana nilimvua hatamu, nikamwachia huru, nikafumba macho.

Akaruka. Papa, safari hii nilisikia.

Pumzika vema.

Binti yako mbishi