Tuda Anazunguka Kulia

Jumatatu, 8 Julai
Watoto kumi na wawili ufukweni, mchanga bado baridi. Somo: kuruka wima na kuzunguka mzunguko mzima hewani kabla ya kutua. Mikono kifuani, tumbo limekazwa. Kumi na mmoja wameshika. Amebaki Tuda, binti wa muuza samaki. Anaanguka, anajipangusa, anarudi kwenye foleni – mara ishirini, nimehesabu! Mimi ningeshalia. Jumapili Baba anakuja kuchagua sita wa kucheza na kundi letu la sarakasi kwenye sherehe za mji wa Tanja. Tuda anaitaka nafasi hiyo kuliko wote.

Jumatano, 10 Julai
Kaanguka tena. Namwambia kushoto, Tuda, kushoto. Tangu enzi za babu, sarakasi ya kwetu ni kushoto. Watu kumi ndani ya duara dogo, mmoja akienda kulia anamvunja mwenzake jino. Baba ana pengo la kuthibitisha.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeaibika. Nimefika mapema, nikamkuta Tuda peke yake. Hakuniona. Akaruka, akazunguka mzunguko mzima, akatua miguu pamoja, hata hakuyumba. Kulia! Safi kuliko mimi – naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikamuuliza mbona hakusema.
"Lalla, mwalimu, si ulisema kushoto?"
Wiki tatu nimemfundisha mtoto kuanguka. Nikamwomba radhi. Akauliza tu kama arudie.

Jumapili, 14 Julai
Naandika hapa hapa mchangani, daftari gotini. Baba amekalia kreti la soda, ameshataja watano. Ikafika zamu ya Tuda. Akanitazama. Nikamwambia azunguke upande wake. Mzima, safi! Wenzake wakapiga makofi. Baba hakupiga. Akaniuliza nani kamfundisha hivyo.
"Kajifundisha mwenyewe, Baba. Mimi nilikuwa namzuia."
Nikajua tumekwisha. Mara akavua viatu – miaka sitini na tisa, magoti mabovu! – akaenda kusimama mbele ya Tuda.
"Haya, binti. Unaanza na bega lipi?"
Tuda anamwonyesha, polepole, bila woga wowote. Nampenda mtoto huyu. Jina la sita bado halijatajwa. Baba amekunja mikono kifuani. Anageukia kulia. Kapepesuka – Tuda kamdaka kiwiko, anamwambia arudie, naye anarudia.