Baba, Reli Imechukua Ubao wa Mama

Baba yangu,

Leo nimepumua. Tangu ulipotutoka nilikuwa naogopa kwamba kazi uliyotuachia itammaliza Mama magoti, na hofu hiyo imeniondoka.

Unaukumbuka ukumbi wetu wa Kamalondo? Wewe umeinama huku mwanzoni, unahakiki vyombo vya leza vya kupimia umbali, vya waashi na vya watu wa migodi. Mama yuko kule mbele, ameshika ubao mweupe wa kupokea ile nukta nyekundu. Unabonyeza, unasoma, unalinganisha na utepe wa chuma uliolazwa sakafuni. "Songa tena, maman!" Naye anasonga huku ananung'unika. Kila chombo, safari zilezile. Mlibishana mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa, na mimi nilicheka.

Ulipoondoka, niliinama mimi. Mama akaendelea kutembea, magoti yamevimba, hataki kusikia habari ya kupumzika. Iliniuma sana. Ndiyo maana nikaunda reli: ubao unakwenda wenyewe kwa mota, kompyuta inasoma na kulinganisha.

Asubuhi nikaweka sanduku la kwanza la vyombo, vyote vya aina moja. Kompyuta ikavikataa vyote! Kila kimoja kilizidisha, tena kwa kiasi kilekile. Mama akainuka, mkono ukutani.

"Leta ile planche yangu nyeupe, miye nitatembea. Ile masini yako ilale."

Nilitaka kulia kwa hasira. Ndipo nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimegusisha pua ya chombo kwenye mstari wa kuanzia, kama ulivyonizoesha. Lakini wewe kwanza ulikuwa unakiamuru kihesabu kuanzia puani. Mimi leo nilisahau, vikahesabu kuanzia kisogoni na kujumlisha urefu wao wenyewe. Kichwa maji mimi! Nikabadilisha, nikabonyeza. Vyote vikapita, na utepe wako ukakubali.

"Na sasa, miye niko nafanya nini?" Mama akauliza.

"Ikala tu, mama."

Akaketi shingo upande, akiuangalia ubao kwa mashaka. Sasa hivi anakoroma, mchana kweupe, kiatu kimoja kimemvuka. Sijamwona hivyo tangu tukuzike, nami nina furaha mpaka nashindwa kukaa.

Sanduku limekwisha zamani, ila sijazima. Ubao unakwenda na kurudi ukivuma, bila kazi yoyote, maana kimya kitamwamsha.

Nakuaga kwa sauti ya chini,

Kitindamimba wako