Nimesema ni mpwa wangu, sasa wanaokuja kumpa pole wamejaa chumbani

Mpendwa mshauri, nakuandikia kutoka Kisondela, shida niliyo nayo ni kubwa kuliko darasa langu la nne, kwa hiyo unisamehe nikichanganya maneno. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima ndizi na parachichi, na kuna binti ninakaa naye anaitwa Atupele, katoka ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, alikuja kuchuma chai, halafu korona ikapamba moto, mpaka wa nchi ukafungwa, kazi ikaisha, na pale alipopanga wakamtoa wakisema wageni ndio wanaoleta ugonjwa. Nikampa chumba cha nyuma. Kwa kuwa lugha yao na Kinyakyusa chetu ni karibu moja, na jina lake hata kwetu lipo, nikawaambia majirani huyu ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kyela, na mhudumu wa afya alipopita kuandika watu wa kila nyumba nikamwambia hivyohivyo, akaandika.

Sasa ni siku ya nne Atupele anakohoa, ana homa, na tangu jana akitoka kitandani kufika mlangoni anahema kama kapanda mlima. Zahanati hataki, anasema, "Mama, wakiniuliza kitambulisho nimekwisha, na wewe watakukamata kwa ajili yangu." Na mimi naogopa hilohilo. Lakini kinachonitoa jasho zaidi ni majirani, maana angekuwa mgeni tu wasingekuja, ila mtoto wa dada yangu akiugua, kwa desturi yetu ni lazima waje wakae naye, basi wanakuja na ndizi na maziwa ya mgando, wanaketi sita, saba, katika chumba kile kidogo, wanamshika mkono mmoja mmoja. Jana nilisimama mlangoni nikasema amelala, mama Tulinagwe akacheka, "Unamfungia kama kuku anayeatamia, au kuna mahari unatuficha?" akanipita akaingia, na yeye ana presha na umri umekwenda. Nikisema ni korona wataniuliza mbona hujampeleka hospitali, nikisema ni mgeni watamtoa siku hiyohiyo. Nielekeze nianzie wapi.

Mama wa Kisondela

JIBU

Mama, majina nimeyabadilisha. Barua yako ilinifika Jumatatu, nikapiga namba uliyoandika chini yake saa hiyohiyo, haipatikani mpaka sasa, kwa hiyo nakujibu hapa.

Kumpa chumba mtu aliyefukuzwa ulifanya jambo jema, usilijutie. Na uongo wa mpwa naelewa ulikotoka. Ila uongo huo ndio unaojaza watu chumbani, na mama Tulinagwe anashika mkono wa mgonjwa kwa sababu umemnyima habari ambayo ingemlinda. Hapo sikuonei huruma.

Anayehema kwa hatua chache hafukizwi kwa mvuke nyumbani wala hasubiri kesho. Mpigie leo mhudumu aliyewaandika, mwambie ukweli wote, akusaidie kupata gari. Nilimuuliza mganga mmoja wa zahanati za huko milimani, akanijibu, "Mimi namwekea kipimo cha hewa kidoleni, pasipoti sijui hata kuisoma." Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeuliza karatasi baadaye. Wakiuliza, mtafute mwenyekiti wa kitongoji uende naye mkaeleze. Hayo ni mazungumzo ya mtu aliye hai.

Majirani wapokee nje, weka ndoo ya maji na sabuni, chakula kiishie barazani. Waambie, "Tunashuku korona, hakuna kuingia." Mama Tulinagwe atanuna. Anune. Yeye na wote walioingia watulie makwao siku kadhaa, na wewe na wanao pia, na atakayeanza homa akapimwe. Habari ya Malawi waambie mwenyewe kabla hawajaisikia kwingine. Utaona aibu, lakini aibu haikatishi mtu pumzi.

Garini fungueni madirisha, mvae barakoa wote wawili. Mkifika usianze na mambo ya Kyela. Sema, "Huyu ni Atupele, anatoka Malawi, anaishi kwangu, ana siku kadhaa anaumwa na sasa hapumui vizuri." Kisha kaa nje umsubiri.