Mgeni Aachwe Azoee

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka hoi. Mbwa wapya wanne leo, na vitoto sita vya paka ndani ya boksi la viatu, vimetupwa kwenye geti la kituo chetu cha wanyama hata hodi hakuna. Mikono inanuka dawa ya kuoshea vizimba mpaka chakula nakisikia ladha yake.

Nyumbani Binti yuko mezani na hesabu zake. Shikamoo yake ndogo, marahaba yangu ndogo, nikapitiliza jikoni. Wiki ya kumi na moja hii tangu tuletewe na ustawi wa jamii. Anakula, analala, hasumbui. Miaka minane, lakini anatandika kitanda utadhani askari. Binti anamwita mume wangu mjomba, kaamua mwenyewe. Mimi haniiti chochote. Akinihitaji anasimama karibu mpaka nimwone.

Mume wangu ananiambia muongeleshe mtoto, bwana. Nikamjibu mgeni haharakishwi. Kazini imebandikwa ukutani kabisa — mgeni aachwe azoee. Usimkodolee macho. Usimshikeshike. Mpe kona yake na chakula kwa wakati, siku yake ikifika atakuja mwenyewe. Miaka kumi na minne naiona ikifanya kazi kwa mbwa wakali na paka waliopigwa. Akacheka huku anakanyaga cherehani yake: "Huyu hana mkia lakini." Kila kitu kwake utani! Nikaenda kulala.

Jumatano, 5 Machi

Meya karudishwa. Yule mbwa wa kahawia anayetanguliza tumbo. Familia ilimchukua kwa vigelegele, na picha wakapiga. Siku tisa tu! Baba mwenye nyumba anasema mbwa haeleweki, anashinda nyuma ya friji, watoto wamemchoka. Nikaandika kwenye kadi: amerudishwa, mara ya pili. Zamani ningegombana naye yule baba. Leo nikampa kalamu atie sahihi.

Mchana afisa ustawi akapiga simu. Miezi mitatu yetu ya majaribio inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Jumanne atakuja kuongea na Binti, wao wawili tu, halafu Ijumaa saa kumi anakuja kuchukua uamuzi. Mtoto naye ataulizwa, na jibu lake lina uzito. Akisema hataki kubaki, anahamishwa. Anaongea kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Nikasema sawa.

Nikakaa juu ya gunia la chakula cha mbwa, nikashindwa kuinuka. Profesa akaja kuniuliza kama naumwa. (Mwosha vizimba mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo asilokuwa na maelezo yake.) Nikamwambia ni mgongo. Si mgongo. Namtaka huyu mtoto. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata mume wangu, na sijui kwa nini naona haya.

Jumamosi, 8 Machi

Shule hakuna. Mume wangu kaelemewa na sare za kwaya, arobaini na mbili, zote kola. Nikamchukua Binti kazini. Alibeba ndoo bila kuombwa. Halafu akasimama mbele ya kizimba cha Meya kama saa nzima.

Mimi nilikuwa kizimba cha pili nasugua sakafu, nikamsikia anamuuliza Profesa mbona huyu mbwa haingii mtu kwake. Profesa huyo, mhadhara ukaanza! Kwamba mgeni haguswi, anaachwa azoee kwanza. Akishazoea ndiyo anashikwa, anapigwa brashi, analala na wenzake. Binti akauliza na asipozoea je. Profesa akasema basi, wengine ndiyo wanarudi walikotoka. Binti akaitikia kwa kichwa, mtu mzima kabisa.

Maneno mengi hivyo siku moja! Nimemwambia mume wangu unaona? Anachangamka. Safari hii hakutania. Kaniangalia tu, sindano mdomoni.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandikeje.

Afisa kaja saa tisa. Wakakaa na Binti chumba cha cherehani, mume wangu kaenda kununua uzi. Mimi nikaanika nguo chini ya dirisha. Haya, nilikuwa nasikiliza. Nguo zenyewe zilikuwa tatu.

Akamuuliza anakula vizuri. Ndiyo. Anapigwa? Hapana. Na je, mama anakukumbatia?

Binti akajibu, na wala hakuwa analalamika, alikuwa anamwelewesha tu mgeni: Bado. Bado sijazoea. Nikishazoea ndiyo nitashikwa.

Akasema anajitahidi. Kitanda anatandika kila siku, sahani anaosha, lakini hajui ni kitu gani kingine wanaangalia.

Shati la mume wangu likanidondoka vumbini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Afisa hakunifokea. Bora angefoka. Pale mlangoni akaniambia taratibu kwamba mtoto kajiandaa kuondoka, anachoomba ni aambiwe mapema. Nyumba mbili zilizopita alikuwa anakuta begi lake limeshafungwa.

Nilitaka kukimbilia chumbani kwake. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ukweli niuandike humu, hakuna wa kuusoma. Kanuni ile ilinifaa mimi. Mtu akirudi nyumbani hana hali, kuambiwa usimguse mgeni ni raha. Nilikuwa nachoka, naita uchovu wangu subira. Na nilikuwa naogopa — nikimshika asije akanisukuma. Miezi mitatu nimemweka mtoto wa watu kizimbani, nikajiona fundi! Aibu.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi kwenye chai nikamwekea mkono begani. Akaganda na kikombe hewani. Kwa sauti ndogo: "Nimekosa nini?"

Nikautoa haraka. Mume wangu akaninong'oneza taratibu basi, umemshika kama polisi. Nikacheka. Kisha nikalia chooni kazini mpaka Profesa akagonga, akasema kuna foleni. Foleni gani, tuko wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anafunga kamba za viatu, nikakaa chini sakafuni nisimkabili. Nikasema mimi ndiye niliyekosea. Hapa hakuna mtihani. Hakuna anayekupima umezoea au bado. Zile ni habari za mbwa, na mimi kichwa changu kimejaa mbwa.

"Sawa," akasema. Sawa yake ni ileile anayoisema akiambiwa wali tayari au kaoge.

Nikamwambia kesho amwambie afisa anachotaka yeye, hatutakasirika. Akauliza na wewe utamwambia unataka nini.

"Nakutaka wewe. Ukae."

Akafunga kamba ya pili. Akaifungua. Akaifunga tena. Akaenda shule.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, saa sita nikawa nyumbani. Nikadeki, nikapika, nikabadilisha mashuka, nikadeki tena. Mume wangu akaninyang'anya ufagio. Nikaanguka kwenye kochi na viatu vyangu.

Saa nane Binti akarudi. Akasimama mlangoni na mkoba. Kwa kawaida anakwenda kiti cha dirishani. Leo akaja kochini, akakaa mwisho kule, mkoba katikati yetu. Baada ya muda akauweka mkoba chini. Baada ya muda mwingine akasogea. Kisha akaegemea, kichwa chote kwenye mkono wangu wa kushoto, mzito, hana mzaha.

Naandika kwa mkono wa kulia, daftari gotini. Mwandiko mbaya. Mume wangu alichungulia, akarudi kinyumenyume, na cherehani imenyamaza tangu hapo. Sijawahi kuisikia nyumba hii ikiwa kimya hivi.

Saa kumi kasoro dakika tano. Sijamuuliza atajibu nini. Naogopa kumuuliza.

Mbwa akilala namjua, hata nikiwa nimempa mgongo. Huyu simjui. Macho kafumba lakini pumzi ni fupi mno. Nadhani anajifanya. Nadhani anangoja aone nitautoa mkono lini.

Umekufa ganzi mpaka begani. Kuna mtu anabisha hodi getini, mume wangu anaenda kufungua. Nasikia sauti ya afisa, ananiulizia mimi. Nainuka? Mtu mzima hapokei mgeni amekaa.

Siutoi.