Matanga ya Nzi

Keglsugl, Simbu
Jumapili, 17 Agosti

Mpendwa Kaka Bonifas,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu. Hujambo lakini? Mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kubeba mikungu ya ndizi za watu umepoa? Sisi huku tu wazima kiasi. Viazi vimepona ile sakitu iliyogandisha umande mwezi uliopita, ila stroberi za mke wa katekista zimeungua zote, na hajaacha kulalamika mpaka leo.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Mnara wa huku umezimika tena, ndiyo maana barua hii nampa Sista Klotilda anayesafiri kuja huko kwenu Innisfail. Tafadhali ukiipata usikae nayo.

Sitakuficha kitu, kaka. Mama yako, Shangazi Wemin, hataki kula, na sababu ni mimi.

Unajua kazi yangu kule kituo cha utafiti Goroka ni wadudu. Mwaka jana, kwenye mwamba unaochuruzika maji juu ya ziwa, nilinasa nzi dume mmoja, mwembamba, kijani cha kung'aa, miguu mirefu ajabu, na ile ya mbele ina vishungi vyeusi vya nywele. Tulipekua makabati yote ya kituo na kuwauliza wenzetu wa nje. Hakuna aliyewahi kuona wa aina hiyo. Basi nikaachiwa mimi kumwandika: urefu wa bawa, mpangilio wa vinyweleo, kila pingili ya mguu, na jina. Ningempa jina la nani, kama si la Shangazi Wemin aliyenilea tangu mama yangu afariki, na ambaye soko zima linamwita Miguu?

Nilidhani nampa zawadi. Sikukumbuka kwamba namtafutia somo, mwenye jina moja naye. Na somo kwetu si mchezo: mnagawana chakula maisha yenu yote, na mmoja akifa, mwenzake anajipaka udongo na haonji kitu cha shambani mpaka nguruwe achinjwe. Mimi niliyezaliwa hapa hapa nikaja na kiboksi changu, nikakifungua mbele yake huku nikitabasamu.

"Huyu ndiye somo wangu?" akauliza. "Mbona hatikisiki?"

"Amekufa, Shangazi. Tangu mwaka jana."

"Kwa hiyo jina langu umempa maiti? Na hiyo sindano kifuani, nani kamchoma?"

Nikakifunga kiboksi. Akainuka, akateremka mtoni, akarudi amejipaka udongo mweupe kuanzia paji la uso hadi mikononi. Tangu siku hiyo ni maji ya moto na biskuti tu, maana anasema biskuti hazitoki shambani. Nawe unajua juzi juzi tu ametoka hospitali Kundiawa kwa kile kifua, na daktari alisisitiza ale vizuri. Blauzi zake sasa zinamning'inia.

Sokoni wamepata la kusema. "Poleni na msiba! Marehemu kaacha wajane wangapi?" Shangazi naye hakubali kushindwa. "Chekeni tu. Nyie hata mbu hajaitwa kwa majina yenu!" Mimi sikuweza kucheka.

Nilimwambia nitabadilisha jina, kwa kuwa maandishi hayajachapwa. Akaniangalia kama mwizi. "Umnyang'anye marehemu? Hata haya huna?" Nikaenda kwa Mjomba Dilu kumwomba achinje nguruwe ili matanga yaishe. Akanifukuza. "Nguruwe kwa ajili ya nzi? Unataka ukoo mzima uchekwe mpaka Kundiawa?"

Halafu juzi Shangazi akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Somo wangu aliacha watu?"

Kaka, nimepanda ule mwamba mara mbili tangu mwaka jana na sikuona mwingine hata mmoja. Itakuwaje kama nilimchukua wa mwisho?

Jana nikapanda tena kutafuta jibu. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote. Nilikaa kwenye ule mwamba nikitetemeka, nikifikiria kifua cha Shangazi, nikifikiria nitakueleza nini wewe mwanawe ikitokea la kutokea. Jua lilipochungulia, wakaja nzi wale. Walikuwapo wengi, wanakimbia juu ya maji membamba ya mwamba. Dume mmoja alisimama mbele ya jike, akainua mguu huu, akainua na ule, akimwonyesha vishungi vyake, kama Mjomba Dilu siku ya ngoma.

Jike hakuna aliyemwandika bado, na bila jike kazi yangu ni nusu. Wavu ulikuwa mkononi. Kupunga mara moja tu, ningekuwa naye. Niliwatazama mpaka macho yakaniuma, kisha nikaurudisha wavu kwenye bilum, mkoba wangu wa kusuka.

Niliporudi, Shangazi alinipokonya bilum, akaimwaga yote chini, akainusa na chupa yangu ya kuulia wadudu.

"Hujaua?"

"Sijaua. Wapo wengi, Shangazi. Dume anamchezea jike."

"Ana miguu?"

"Kama yako."

Akacheka, kaka! Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nami nikamshika nikaangalia kitambaa chake. Hakikuwa na damu. Kisha akatoa kiazi majivuni, akakimega, akala nusu polepole. Nusu ya pili akaifunga kwa jani la boga, akaniwekea mapajani. "Hii ya somo wangu. Kesho umpelekee, na usimguse."

Nilitaka kumwambia yule nzi hali viazi, anakula vidudu vidogo. Ila nilikuwa nimefurahi mno kumwona anatafuna.

Lakini udongo hajauosha, na leo asubuhi nilipomwomba ale tena alisema atakula somo wake akishakula. Ndiyo hofu yangu. Likizo yangu inaisha, njia ya ziwani inateleza, na nikirudi Goroka sijui nani atapanda na kiazi. Msimu wa ndizi ukiisha, nakusihi usiongeze mkataba. Njoo. Wewe anakusikiliza.

Nisalimie Yosefa na vijana wote wa Simbu unaokaa nao hapo. Mjomba Dilu anakusalimu, bado amenuna. Mungu akulindie huo mgongo na akurudishe ungali na nguvu za kupanda mlima.

Shangazi amekaa hapa ananiangalia nikiandika. Anasema nikuambie una mzazi wa pili huko ziwani, na siku ukija kumwona usiende mikono mitupu. Nami naifunga barua hapa nikipeleke ziwani kiazi cha somo, maana amekipasha moto na kinapoa.

Akupendaye na kukungoja,
dada yako Skolastika